Mshenga na kabati la Kipawa

Ndugu zangu, leo nimeiharibu posa ya mpwa wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hamisi alinituma Kipawa, nyumbani kwao binti, niwe mshenga wake, kwa kuwa nasifika kwa maneno fasaha.

Shangazi wa binti akafungua kabati la sebuleni, akatoa vikombe vya wageni.

Mtu mwingine angeshukuru tu.

Mimi nikaeleza kwamba neno kabati tumelipata kwa Waingereza, na kwao hapo kale lilikuwa ubao wa kuwekea vikombe. Na kwamba ubao huo, Wajerumani nao wanauita kwa neno lenye asili ileile.

Nilieleza kwa kirefu. Chai ikapoa.

Shangazi akauliza kwa upole, "Samahani baba, umekuja kuposa mtoto wetu au kabati letu?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Mpeni aondoke nalo, na sie tutapiga vigelegele!"

Nikajaribu kurejea kwenye posa. Baba wa binti alikwisha kunyanyuka.

"Ijumaa tunapokea washenga wengine," alisema. "Hao labda watamtaja binti."

Sasa nipo kituo cha daladala Manzese. Hamisi anapiga simu tena, nami sina hata sentensi moja ya kuanzia.

Ninyi mngepokea?