Mkono wa Kula

Mimi ni mtu wa nyumbani. Anayenitafuta hapa Kasubi hunikuta mkekani, na mara nyingi nimelala. Siku ile dada yangu alinitoa mkekani kwa sababu moja: kitoroli chake cha vyombo vya muziki kilikuwa kimekwama katikati ya mteremko, gurudumu moja likicheza, na kando yake mtaro.

Juu ya kitoroli zilifungwa spika mbili, ndizo riziki yote ya dada. Harusi ilikuwa Naguru. Mwenye harusi alishasema vyombo vikichelewa ataita watu wengine, na upande wa Bwaise wingu lilikuwa jeusi tayari. Pikapu ya kukodi iliyosubiri chini barabarani haiingii kichochoro chetu, kwa hiyo dereva, Mganda mnene mwenye haraka zake, alipanda kwa miguu. Yeye na dada wakainua kona ya kitoroli kwa mabega. Mimi nikapewa spana, maana ndimi nisiyefaa kuinua.

"Nati imeregea tu, sebo," dereva alisema akihema. "Zungusa mukono ya kula."

Nikazungusha. Gurudumu likazidi kucheza.

"Ongeza."

Nikaongeza. Gurudumu likasogea nje kwenye ekseli, spika ya juu ikainamia mtaro, kamba ikalia. Goti la dada lilikuwa mbele ya pua yangu. Lilianza kutetemeka.

"Unafanya nini wewe?"

"Nazungusha mkono wa kula. Si ndivyo alivyosema?"

Dada akaniuliza polepole, kama mtu anayemsemesha mwendawazimu aliyeshika kisu: "Wewe unakula kwa mkono gani?"

Wa kushoto. Mama alinipiga vikofi kwenye kila sinia ya pilau, na bado akigeuka tu, nahamia kushoto. Sinia za pilau nazijua zote. Shuleni niliishia kidato cha nne, na fizikia haikukaa kichwani.

"Basi zungusha kama vile Mama anakutazama."

Nikageuza spana. Nati ikateleza, ikateleza tena, halafu ikashika uzi. Tone la mvua likanipiga shingoni. Dereva alikuwa akimwomba Mungu kwa Kiganda, na hakuwa akiniombea mimi. Nilikaza mpaka spana ikagoma.

Wakashusha kona taratibu. Gurudumu likatulia. Tukateremka, dada akitembea kinyumenyume, macho kwenye nati ile mpaka barabarani. Spika zilipoingia chini ya turubai la pikapu, mvua ikaanza kweli. Mimi nikageuka.

"Wapi?" dada akauliza.

"Nyumbani."

"Naguru nako ni kilima. Panda."

Nikapanda na kandambili zangu, spana mkono wa kushoto. Dada akaitazama, akanitazama.

"Mkono mwingine," akasema.