Bango la Baba Achieng

Nichekeni tu, wasomaji, ila mwishoni mtaacha wenyewe.

Tangu nihitimu masomo ya jioni ya usanifu, hakuna bango mtaani kwetu Bwaise lisilopita mikononi mwangu, na karibu yote niliyavika fonti moja: ile ya herufi zilizolegea, kama mwandiko wa mtu anayeandika huku anatabasamu. Saluni, kibanda cha chapati, hata baa iliyo mkabala na kanisa.

Wiki iliyopita Mama Achieng, jirani yetu kutoka Kenya, alifiwa na mumewe. Pombe ya baa hiyo ndiyo iliyommaliza.

"Mwanangu, nitengenezee bango la kanisani," aliniomba. "Angalau siku ya kumzika, watu wamwone ni mtu wa heshima."

Nikaona fonti yangu italeta upole. Nikaandika "Lala salama, Baba Achieng", nikalitundika mwenyewe juu ya mlango wa kanisa, kisha nikasimama kando kama profesa, nikisubiri sifa.

Waombolezaji wakatazama bango, wakageuka kuitazama baa, wakarudi kwenye bango. Mmoja akaguna. Mama Achieng naye akageuka. Herufi zilikuwa zile zile za bango la baa, hata rangi.

"Mwanangu," akasema polepole, "hata leo umemrudisha kule."