Kiti Nilichompa Mama Mfinyanzi

Nilimwahidi kwamba mkono wake wa kulia utashika tena kikombe cha chai bila kusaidiwa na wa kushoto. Niliyasema hayo nikiwa nimepiga magoti, nikiokota vigae vya kikombe alichokuwa amekiangusha, katika karakana ya ufinyanzi nyuma ya ukumbi wa kanisa moja huko Muthangari, Nairobi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa mwalimu wa ufinyanzi hapo, nimetoka chuoni juzi tu. Yeye alikuwa mama wa makamo kutoka magharibi ya nchi, mfinyanzi tangu utotoni, ambaye sasa aliishi Woodley kwa mwanawe. Ahadi ile ilikuwa nzito, kwa kuwa aliyeuharibu mkono huo ni mimi.

Siku aliyofika kwetu aliweka udongo wake chini, juu ya kigae kipana, akainama, akaanza kuuzunguka. Ndivyo walivyofinyanga kwao: chungu hutulia, mfinyanzi hutembea kinyumenyume akikizunguka, akikipandisha kwa kamba za udongo. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya gurudumu la kufinyangia, na niliona aibu. Nilivyolelewa, kijana haketi huku mtu wa umri wa mama yake amesimama. Nikainuka, nikakifuta kiti kwa aproni yangu.

"Keti, mama. Gurudumu litazunguka badala yako."

"Mwalimu," alisema akicheka, "kwetu mtu anakaa akimaliza kazi."

Hata hivyo aliketi, asije akanivunjia heshima. Hivyo ndivyo tulivyoheshimiana mpaka tukafika pabaya.

Baada ya kiti nilimnyang'anya miguu. Alizoea kukanda udongo kwa nyayo, juu ya gunia lililolowa. Mimi nikamwonyesha kuukanda mezani kwa mikono, kama nilivyofundishwa. Tena niliuacha udongo uwe mgumu, nikiamini kwamba udongo mgumu hausaliti umbo. Hakulalamika. Nami, katika bidii yangu ya kutaka kuinua kazi ya mikono katika taifa changa, sikuitazama mikono yenyewe.

Aliyeiona ni karani wetu, kijana wa Lamu aliyepeleka vyombo vyetu kwenye duka la mjombake katikati ya mji.

"Mwalimu, huoni? Mama afungua fundo la leso kwa meno."

"Labda limekaza."

"Kilichokaza ni kichwa chako."

Kesho yake kikombe kikaanguka. Mama aliutazama mkono wake kama kitu alichoazimwa.

"Hii mkono ikikufa, mimi ni nani hapa Nairobi? Kwa kijana yangu napikiwa, nafuliwa. Ni hapa tu niko mtu."

Hapo ndipo nilipoahidi, na ndipo nilipouliza swali ambalo lingepaswa kutangulia kiti.

"Ulipokuwa kwenu, mama, mkono ulikuuma?"

"Mgongo, ndiyo. Mkono, hapana."

Akakishika kifundo cha mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, akakinyoosha kwenye ubavu wa chungu kilichokuwa hakijakamilika, kisha akanisukuma begani. "Tembea. Wacha mguu ifanye kazi." Nikarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, na nikaelewa. Mkono ulikuwa umelala tu pale, umenyooka. Mwili mzima ndio uliouvuta. Kwenye gurudumu alikuwa amekipinda kifundo kutwa nzima, akishindana na donge gumu linalomjia.

Kwanza alipumzika. Majuma kadhaa hakugusa udongo. Aliketi kwenye kiti kile kile, leso mabegani kwa baridi ya Julai, akitusimanga. Mimi na karani tulikunja suruali tukaukanda udongo kwa miguu.

"Watu wa Lamu wakiniona hivi," karani alisema, "mke sipati."

"Utapata," mama akamjibu, "lakini ataosha miguu kwanza."

Udongo tuliulainisha na kuufunika kwa magunia mabichi. Nilipanga mawe, nikaweka gogo juu yake, ili chungu kimfikie tumboni naye azunguke bila kuinama. Sisi wa gurudumu tulijifunza kuegemeza viwiko mapajani, kuacha kifundo kinyooke, na kusimama kabla maumivu hayajatusimamisha.

Alianza na chungu kidogo. Asubuhi moja, harufu ya udongo mbichi ikiwa imejaa chumbani, nilimwekea chai mezani nikajifanya kushughulika na magunia. Aliinua kikombe kwa mkono wa kulia peke yake. Kidole gumba kilikuwa bado kigumu, lakini kikombe kilifika mdomoni.

"Hii chai haina sukari, mwalimu," alisema.

Ahadi yangu ilitimia, ila mkono haukupona kabisa. Mkono ule haukuweza tena kukamua nguo, na kila baridi ilipoingia aliusugua. Lakini alifinyanga hadi siku nilipoiacha karakana ile, akizunguka gogo lake taratibu, nami natamani hata leo kuzisikia nyayo zake zikikwaruza sakafu.

Nakuomba basi, msomaji: ukimkuta fundi amesimama kazini kwake, usimletee kiti kabla hujamuuliza kwa nini anasimama.