Kidole Gumba Changu na Mwenye Tenda

Wajukuu wangu huniuliza kwa nini kidole gumba changu cha kulia kimepinda kama pembe ya mbuzi. Nawaambia kilivunjwa na mwenye tenda ya serikali, na mimi nikamvunja pua. Wanacheka, wanadhani ni hadithi ya kuwalaza. Si hadithi.

Miaka hiyo ya tisini nilifanya kazi hospitalini, upande wa nguo. Hospitali gani, sitasema. Mimi na mke mwenzangu tulikaa Ruring'u, milango yetu imetazamana, na mume wetu alikuwa amekufa akatuachia shamba dogo na ugomvi mkubwa. Tulipigana, huyo mwanamke na mimi. Siku moja sokoni Chaka, kwa sababu ya debe la viazi, nilimvua kitambaa cha kichwa pamoja na nywele zake, naye akanirarua sikio. Upande huo sivai hereni mpaka leo. Lakini Jumatatu tuliingia kazini pamoja, damu imekauka, kwa sababu sterilaiza haifungwi na mtu mmoja.

Sterilaiza ilikuwa jungu la chuma, kubwa kama ng'ombe aliyelala, linalopika kwa mvuke nguo na vyuma vya chumba cha upasuaji. Kifuniko chake kizito, mmoja anakisukuma kwa bega, mwingine anakaza gurudumu. Raba ya kuzuia mvuke pale kwenye kifuniko ilikuwa imeoza. Tulisema, tukasema tena. Fundi wa hospitali alitaka kuibadilisha, akaambiwa asiguse hata skrubu: serikali imempa mtu wa Nairobi tenda ya kutunza mashine, angojewe huyo.

Tulipokuwa tunamngoja, raba ikapasuka. Mvuke ulitoka na sauti ya nguruwe anayechinjwa, ukampata mke mwenzangu mkono mzima. Nilipomvua koti la kazi, ngozi ilikuja na koti, vile ganda la kiazi cha kuchemsha linavyotoka. Hakulia. Aliniangalia tu, meno yanagongana, akasema, "Usifurahi."

Sikufurahi. Huyo mwanamke, kama ni wa kupigwa, wa kumpiga ni mimi. Chuma cha serikali hakikupewa ruhusa hiyo.

Raba ikafungwa na vitambaa, tukaambiwa tuendelee na kazi. Yeye akarudi na mkono kwenye bandeji, anasukuma kifuniko kwa bega lile jingine. Kila mara tukifungua mvuke tulirudi nyuma kama watu waliochokoza nyuki.

Hatimaye mwenye tenda akaja. Suti, tai nyekundu, na kopo la rangi. Spana sikuiona. Alitoa vile vitambaa, akapaka jungu rangi ya fedha mpaka likang'aa kama sufuria ya harusi. Hata ile raba iliyopasuka akaipaka. Kisha akatoa karatasi na kidau cha wino. Sheria ya tenda ilikuwa hivi: kazi haihesabiwi mpaka anayetumia mashine akubali imetengenezwa. Mkubwa wa chumba kile nilikuwa mimi, na kuandika sijui.

"Haya shosho," akasema, kana kwamba mimi ni bibi yake, "weka kidole hapa tumalize."

"Raba umebadilisha?"

"Mashine imehudumiwa yote."

"Mimi nimeuliza raba."

Akacheka. "Kwani wewe umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni. Mwalimu alinifukuza kwa kupiga watoto wa watu."

Mke mwenzangu, pale kwenye benchi, akasema bila kuinua kichwa, "Ukiweka hicho kidole, nitakikata nikipike kwa hilo jungu."

Hapo mwanamume akanishika mkono. Nilikunja ngumi. Akakichomoa kidole gumba kwa nguvu, akakipinda nyuma, nikasikia kikilia kama bua kavu la mahindi. Hakuacha! Kidole kimevunjika, kinaning'inia, na yeye bado anakichovya kwenye wino, anakivuta kuelekea karatasi.

Nikampiga kichwa. Paji langu, pua yake. Damu ikaruka kwenye shati, kwenye karatasi, kwenye rangi mbichi. Kabla hajajua yuko wapi nilimkamata tai kwa mkono mzuri nikaizungusha kwenye gurudumu la kifuniko. Sikumwambia mke mwenzangu kitu. Aliinuka, akashika gurudumu kwa mkono wake mmoja, akakaza. Tai ikaingia, uso wa mwanamume ukafika kwenye raba, shavu likanata kwenye rangi.

"Fungua mvuke," nikasema.

Akafungua kidogo. Jungu likaanza kunguruma.

"Wacha! Mama, wacha! Mtaniua!"

"Tukuue na nini?" mke mwenzangu akamuuliza. "Si umetengeneza?"

"Haijatengenezwa! Raba ni ile ile! Nimepaka rangi tu!"

Alilia hivyo kwa sauti yote, na mlangoni walikuwa wamesimama daktari wa upasuaji na metroni, mkubwa wa manesi. Metroni mwenyewe ndiye aliyefunga mvuke na kukata tai kwa mkasi. Mwanamume akakimbia, nusu ya tai shingoni, nusu kwenye gurudumu.

Ofisi ilitaka kutufukuza. Daktari akasema wakitufukuza, basi waje wao wafunge lile jungu, maana yeye hapasui mtu akiwa na nguo za nyumbani. Na ile karatasi ilikuwa na damu nyingi, lakini alama ya kidole haikuwa nayo. Wakamwita fundi wa hospitali.

Alikuja na raba mpya, spana zinagongana mfukoni. Alipomaliza, nikamwambia asimame mbele ya kifuniko. Tukafungua mvuke wote. Mzee wa watu aliegemea jungu akanywa chai yake, hakuna hata jasho la mvuke lililotoka. Ndipo naye akatoa karatasi.

Kidole cha kulia kilikuwa kwenye plasta. Niliweka cha kushoto. Mke mwenzangu alinishikia karatasi kwa mkono wake mzima isiteleze, akasema, "Kaza vizuri, mjinga wewe."

Jioni hiyo kuku wake waliingia kwenye mboga zangu za sukuma. Tulitukanana mpaka majirani wakatoka. Kupigana ilibidi tungoje mikono ipone.