Mchaichai wa Bure

Nilianza kunywa chai ya mchaichai nilipostaafu udereva. Tumbo lilikuwa linajaa gesi na mke wangu alikuwa amechoka kunisikia nikilalamika. Kila Jumamosi nilikwenda soko la Biharamulo kwa mama mmoja Msukuma, mjane, aliyekuwa na meza ndogo karibu na wauza nyanya. Aliuza mchaichai, mnanaa na majani ya mlonge, ameyafunga mafungu kwa kamba za mgomba. Kwa meza hiyo aliwalea wajukuu wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tumbo linasemaje leo?"

Siku moja nilimwambia kwamba nyuma ya nyumba yangu kuna kipande cha ardhi kinachoota magugu tu. Jumamosi iliyofuata akanitolea chini ya meza shina la mchaichai lenye mizizi na vijiti vya mnanaa, vyote vimeviringishwa kwenye jani la mgomba. Hela akakataa.

"Ligawe hilo shina, kila chipukizi na shimo lake," alinielekeza. "Majani yakate kwanza, yasije yakanyauka. Mnanaa uweke panapomwagika maji ya vyombo. Huo hauna makuu."

Mimi ni mzaliwa wa Mugoma kule Ngara, mtoto wa wakulima, ila umri wangu uliishia kwenye usukani. Mvua zilipokolea na mchaichai ukanifika kiunoni, nilitembea pale nyuma asubuhi na jioni kama mwenye ng'ombe. Nikaongeza mlonge, mrehani na mshubiri.

Kisha ikafika zamu yetu ya kusali jumuiya ya kanisa nyumbani kwetu. Baada ya sala mke wangu aliwapa watu chai, nao wakauliza inanukia nini. Niliwapeleka bustanini nikakata kwa panga dogo, kila mtu akaondoka na fungu. Kesho yake walirudi na majirani zao. Nikawa nagawa majani, nikagawa na miche. Watu walikuwa wakiniita daktari, nami nilijidai kulikataa jina hilo huku moyoni nalipenda.

Sokoni sikuwa na haja ya kwenda tena, kwa hiyo sikwenda. Nilikuja kupita pale nikifuata misumari. Yule mama alikuwa amekaa, mafungu yamelegea mbele yake.

"Watu wa mtaa wenu siwaoni siku hizi," alisema.

"Labda ni hizi mvua, mama."

Alinitazama kidogo, akanyunyizia majani yake maji. Niliondoka bila misumari.

Nilipomweleza mke wangu alisema, "Hukumwibia mtu. Majani ni ya Mungu." Maneno hayo hayakunisaidia. Niliwaambia majirani wakanunue sokoni, wakacheka wakidhani natania. "Ninunue majani, wakati kwako yamejaa?" mmoja aliniuliza akiwa tayari anakata. Nikajaribu kusema yameisha, lakini ua wangu ni wa minyaa na kila anayepita njiani anaona ndani. Isitoshe, wengi walikwisha kuotesha kwao. Nisingeweza kwenda kung'oa nyumba kwa nyumba.

Mwishowe nilivuna bustani nzima, nikajaza kiroba, nikampelekea.

"Nini hiki?"

"Mchaichai, mama. Uuze. Ni wako wote."

Alifungua kiroba akanusa, akakifunga. "Nimuuzie nani, baba? Hao uliowapa bure?"

Muuza nyanya wa jirani aligeuka kutusikiliza.

"Nimekuja kusikia kwa watu kwamba unagawa," mama aliendelea kwa sauti ya chini. "Mche ukimpa mtu unajua utaota. Sikukupa ili ufe. Lakini nilipokuuliza ukasingizia mvua. Ungeniambia tu, nikahama mapema. Nilikaa hapa nikidhani nimelogwa."

Niliomba radhi. Akasema yameisha, akanisaidia hata kujitwisha kiroba mgongoni, maana hakukitaka. Ningefurahi kama angenitukana.

Haukupita muda akahamia Nyakanazi, wanapopumzikia wasafiri wa mabasi na malori. Wajukuu aliwaacha hapa mjini kwa mama mkubwa wao kwa ajili ya shule, akawa anakuja kuwaona Jumapili. Nilikwenda kumtafuta huko. Alikuwa anauza kahawa na chai kwenye chupa kubwa, na madereva walimzunguka wakimwita bibi. Biashara ilikuwa nzuri kuliko ya majani, mwenyewe alikiri.

"Basi mambo si mabaya," nilisema, nikisikia kifua kinapungua uzito.

"Si mabaya. Ila yule mdogo sasa hivi ananisalimia kama mgeni. Nikifika anajificha nyuma ya mama yake mkubwa."

Aliyasema hayo bila lawama, akimimina kahawa ya dereva aliyekuwa anamharakisha. Nami akanimiminia kikombe. Niliinywa nimesimama, nikamuaga, nikavuka barabara kungoja gari la kurudi. Niliporudi nilimkuta jirani bustanini akikata mchaichai uliochipua upya. Aliniamkia kwa furaha akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia nilikwenda kumsalimia ndugu.