Ardith na Mpigaji wa Bia

Ardith Vosberg ana viti viwili upande wa kushoto wa uwanja wetu wa besiboli hapa Pruitt Falls, na hukalia kimoja. Cha pili ni cha mumewe Duane, aliyefariki miaka kadhaa iliyopita, majira ya baridi, akiondoa theluji mlangoni. Kila mwaka Ardith humlipia Duane tiketi ya msimu mzima. Ukimuuliza sababu, atakuambia kwamba asipolipa, klabu itakigawa kiti kwa mtu mwingine, na mtu huyo atapenda kuongea.

Basi mtangazaji anaposoma mahudhurio kwenye kipaza sauti, Duane yumo. Klabu huhesabu tiketi zilizouzwa, si makalio yaliyokaa. Atasema watu elfu tatu na ushee, nawe ukigeuka unaona mabenchi matupu, mtu na soseji yake hapa, mtu na mjukuu wake kule. Hakuna anayecheka. Kwa hesabu za klabu, Duane hajakosa mechi hata moja tangu tumzike, jambo ambalo lilimshinda alipokuwa hai.

Mimi ni Merle. Nilifanya kazi kwenye ghala la mahindi mpaka mgongo ukakataa, na kiti changu kinafuatana na cha Duane. Nina jirani mtulivu.

Ardith alikulia kwenye ng'ombe wa maziwa, na huja uwanjani na kengele ya Pearl, ng'ombe wa babake. Kila mechi klabu humtangaza mchezaji mmoja wa timu ngeni kuwa Mpigaji wa Bia. Akizungusha gongo akaukosa mpira mara tatu, anatolewa, na bia inauzwa nusu bei mpaka zamu hiyo iishe. Akishakosa mara mbili, Ardith husimama na kuitikisa kengele, na uwanja mzima husimama naye. Kabla ya kengele hasimami mtu. Hatukuandikiana popote, ndivyo tulivyozoea. Wapo vijana wa watu waliokosa mpira kwa sababu ya kengele ile tu, nami nimekunywa jasho lao bila haya.

Wachezaji wa ligi hizi ndogo hawana kitu, kwa hiyo wenyeji huwapa vyumba. Eudis Peguero, kijana kutoka Dominikana, alikaa kiangazi kizima chumba cha juu kwa Ardith, akala viazi vyake, akamwita mama bila kuombwa. Mwaka uliofuata timu yetu ikamwacha. Timu yetu inaitwa Panyabuku, jina lililochaguliwa na watoto wa shule za msingi, na hakuna aliyeruhusiwa kukata rufaa. Eudis akachukuliwa na Malenge, timu ya ng'ambo ya mto.

Jumamosi moja Malenge wakaja kucheza kwetu. Mchana Eudis alienda kula kwa Ardith, nami nilikuwepo kwa sababu palikuwa na nyama ya kuoka.

"Mama," akasema, "kocha ameniambia leo nisipopiga mpira nikakimbia nikafika hata kituo cha kwanza, nifungashe virago."

"Kula viazi," Ardith akasema.

"Nakula. Na Mpigaji wa Bia nitakuwa mimi. Mnavyowapenda mliowaacha, nawajua."

"Hilo ni kweli," nikasema.

"Sasa mbona kengele umeifunika taulo kabatini? Nimeiona, mama. Usiponipigia, wenzangu wote watajua unanihurumia. Mtu wa kuhurumiwa hapigi mpira."

"Merle, mwambie mtoto huyu ale."

Nikamwambia. Akala.

Jioni, jua likiwa bado linatuchoma visogo, mtangazaji akamtaja Eudis kuwa Mpigaji wa Bia. Watu wakampigia makofi, maana walimpenda kwelikweli. Hapa kwetu kumpenda mtu hakumzuii mtu kutaka bia. Mara ya kwanza Eudis alipiga mpira ukadakwa, akatolewa. Mara ya pili ukadakwa tena. Akarudi zamu ya saba, na zamu ya saba ikiisha bia hufungwa, kwa hiyo yeye na sisi sote tulikuwa tumebakiwa na nafasi moja.

Akakosa mara mbili. Watu wakageuka kumtazama Ardith. Kengele ilikuwa kwenye kiti cha Duane, na Ardith alikuwa ameikandamiza kwa kiganja.

"Ardith, umelala?" akauliza Lyle wa duka la matairi, kutoka nyuma. "Huku makoo yamekauka."

"Nyamaza, Lyle."

"Ni kengele tu, bibi wee. Hatujakuomba figo."

Eudis akatoka kwenye mstari wa kupigia. Akajipangusa uso, akainua gongo na kumwelekezea Ardith, akabaki hivyo kama mtu anayemwita mhudumu hotelini. Mrushaji wa mpira naye akasubiri.

"Mtoto mjinga huyu," Ardith akasema. Akasimama, akaitikisa kengele ya Pearl kwa mikono miwili. Uwanja mzima ukasimama. Nilimwombea kijana yule apige mpira uvuke mto. Bia nayo niliitaka, sitasema uongo.

Akazungusha gongo kwa nguvu zake zote, akakosa.

Watu wakaliimba jina lake, kisha wakakimbilia foleni. Eudis alivua kofia akatuinamia, na walioona ni wachache, kwani wengi walikuwa wamempa mgongo. Ardith aliendelea kuitikisa kengele mpaka kijana akaketi. Nikamletea bia. Akainywa yote. Si mwanamke wa kuacha bia ipate moto kwa ajili ya huzuni.

"Alizungusha vizuri," akasema.

"Vizuri kabisa."

Kocha alitimiza neno lake. Siku hizi Eudis anauza mabomba dukani kwa binamu yake huko kwao. Na msimu huu Ardith amekuja na tiketi tatu. Kiti cha tatu kiko mkono wake wa kulia, na hakuna anayeruhusiwa hata kuweka koti.

Eudis humpigia simu Jumapili, nami huwepo kwa sababu ya nyama.

"Mama, jana nilikuja uwanjani?"

"Ulikuja. Ulikula karanga, ukamtupia Duane maganda miguuni."

"Mwambie samahani. Watu walikuwa wengi?"

Ardith akaigeuza simu mkononi, akakitazama kiti alichokuwa akikalia Eudis pale mezani.

"Elfu tatu na ushee," akasema. "Sikuona hata mmoja."