Jumanne za Mwenzangu

Mimi ni mtu wa Korogwe, ng'ambo ya mpaka, lakini kwa karibu miaka miwili pale Ngara, Nairobi, nilikuwa Mtaita. Uongo huo sikuubuni mwenyewe. Nilipewa na mama mwenye nyumba wangu wa Kinoo, ambaye ndiye pia aliyekuwa na duka la sare za shule, na ambaye aliiona pasipoti yangu siku niliyokwenda kutafuta chumba. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, katikati ya jiji. Pasi yangu ya mwanafunzi iliniruhusu kusoma, si kufanya kazi, na muhuri wake ulisema hivyo kwa herufi ambazo hazikuhitaji miwani. Nikikamatwa dukani narudishwa kwetu bila shahada, na baba alishauza kipande cha shamba kwa ajili ya shahada hiyo.

Mama mwenye nyumba alinitazama juu hadi chini. "Kwa duka wewe ni Mtaita wa Voi," akasema. "Hapo hiyo Kiswahili yako haitashangaza mtu."

Basi nikawa Mtaita. Darasa likiisha saa sita, navuka mto kwa miguu kuelekea Ngara, na saa saba tayari nina tepu ya kupimia shingoni. Mzazi wa Nairobi hanunui sweta ya kumtosha mtoto. Hununua ya kukulia. Kazi yangu ilikuwa kumhakikishia kwamba mikono inayofunika vidole vyote itakuwa sawa kabisa ifikapo muhula wa tatu. Kazi yenyewe niliipenda. Kilichonichosha ni kuacha adabu. Kwetu mtu akiingia unamwamkia, unamuuliza habari za nyumbani na za watoto, ndipo mje kwenye sketi. Mle dukani, mzee wa umri wa babu yangu alikuwa akiingia, nami nasema, "Sasa, saizi gani?" huku moyo ukinisuta. Ingenitoka shikamoo moja tu, ningeulizwa nimetoka wapi.

Nilikuwa na miezi mitano kazini Mama alipoleta msichana mwingine, rika langu, wa kusaidiana nami. Huyo alisema ametoka Taveta. Taita na Taveta ni majirani wa mlango kwa mlango. Akinisemesha Kitaita neno moja tu, nimekwisha. Lakini hakunisemesha. Hakuniuliza kwetu ni Voi sehemu gani, wala mimi sikumuuliza habari za Taveta yake. Mtu mwenye amani angeshukuru Mungu. Mimi nilianza kujiuliza kwa nini haulizi, na kama haulizi kwa sababu anajua tayari.

Ukishaanza kumshuku mtu, hata akipiga chafya unaona ana jambo. Simu yake ikilia, hakuipokea ndani kamwe. Alitoka nje, akasimama karibu na mtaro, akaongea akiwa ametupa mgongo. Nikisogea mlangoni anakata. Siku moja aliviona vitabu vyangu chini ya meza, akaniuliza barua ya kuonyesha kwamba mtu ni mwanafunzi hutolewa na ofisi gani chuoni, na kama huchukua muda mrefu. Nikamjibu kwa ukali kwamba sijui. Barua hiyo sisi wageni huipeleka uhamiaji; Mtaveta anaitaka ya nini? Tena kila Jumanne, ikifika adhuhuri, alimuaga Mama kwamba anakwenda hospitali, akarudi saa tisa bila dawa wala bendeji. Mimi sina roho mbaya kwa asili, lakini nilianza kumhesabia Jumanne zake.

Wakati huohuo kukavuma habari kwamba kinyozi mmoja wa mtaa wa pili, Mganda, amechukuliwa na watu wa uhamiaji akiwa na mteja nusu kichwa. Kila mtu alisema lazima kuna aliyemchoma kwa wakubwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na nguo zenyewe tulikuwa tunazikunja wawili.

Jumanne iliyofuata mwalimu wetu hakuja. Nikakaa kwenye ukingo wa maua karibu na jengo la uhamiaji, gazeti usoni, nikimvizia yule msichana huku nikijiona mjinga. Saa sita na nusu akapita, mkoba kifuani, na yule askari wa mlangoni akamsalimia kama mtu anayemjua. Akaingia. Sikumfuata kuona anakwenda dirisha gani. Nilikuwa nimeona nilichokuja kuona.

Jumapili, Mama alipotoka kanisani, nilimkuta uani Kinoo akichagua maharagwe. Nikamweleza yote: simu, barua, Jumanne, askari. Sikuongeza chumvi, haikuhitajika. Kuajiri mgeni asiye na kibali ni kosa la mwajiri pia, na Mama alilijua hilo kuliko mimi. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nimemwona kwa macho yangu mwenyewe. Nikasema nimemwona. Akaendelea kuchagua maharagwe.

Jumatatu alimwambia yule msichana kwamba biashara imelala na hana kazi ya watu wawili. Wazazi walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Msichana alitazama foleni ile, akatazama Mama, kisha akaivua tepu shingoni, akaikunja vizuri na kuitundika kwenye msumari. Hakulia, hakuuliza sababu. Kwangu mimi huo ndio ukawa ushahidi wa mwisho, kwamba mtu asiye na hatia angeuliza. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu alipokuja.

Baada ya miezi kama mitatu, pasi yangu ikawa inakaribia kuisha. Nikaenda kuiongeza, nikiwa na barua ya chuo mkononi, nikapanga foleni kwenye dirisha la wanafunzi wageni. Mbele yangu kulikuwa na watu saba. Wa tatu kati yao aligeuka kuuliza jambo, nikaona uso ninaoujua, na mkononi mwake pasipoti yenye nembo ya bibi na bwana, sawasawa na ile niliyoshika mimi.

Aliitazama yangu, akanitazama usoni, akacheka.

"Kumbe na wewe, mwenzangu," akasema. "Mwaka mzima nilikuwa nakuogopa wewe na Kitaita chako."

Aliacha nafasi yake akarudi nyuma kusimama nami. Tukaamkiana kwa kirefu, kama watu, kwa mara ya kwanza. Alikuwa Mpare wa Mwanga, mwendo wa saa chache kutoka kwetu. Alijiita Mtaveta kwa sababu Taveta aliiona kwa mbali utotoni. Hospitali ya Jumanne ilikuwa hili hili dirisha: faili lake lilikwama, kila akija anaambiwa aje wiki ijayo, mpaka askari akamzoea. Simu za mtaroni zilikuwa za mama yake, naye hakuweza kuongea na mama yake kama mtu wa Nairobi. Ile barua aliniuliza kwa sababu chuoni kwao walikuwa wakimzungusha, akadhani labda mimi nayajua mambo hayo.

Alinieleza yaliyobaki bila kuniangalia. Alipoachishwa kazi hakumaliza ada. Bila ada chuo hakikumpa barua, na bila barua pasi haiongezwi. Ilikuwa imebaki mitihani ya muhula mmoja. Leo hakuja kuongeza kitu, alikuja kuomba siku za kufungasha.

"Kuna mtu alinisema kwa Mama," akasema. "Sijui alimwambia nini."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nafasi nilikuwa nayo, foleni haikuwa inasogea. Lakini mimi, hata pale, niliyatafuta macho yake kuona kama ananitega, nikamuuliza anamshuku nani.

"Simshuku mtu. Nimechoka kushuku watu." Alikuwa anaipapasa pasipoti yake. "Ila ukija kumjua, usimwambie kwamba nimerudishwa. Mwambie nilimaliza shule."

Nikamwambia nitamwambia.